Mchanga Utatoka Wapi

Jirani yangu hapa Makongeni alizaliwa pwani, kijiji kilicho kando ya hori la bahari. Ndiye anayetupikia mahamri ya asubuhi. Meli ilipopasuka na mafuta machafu yakaanza kusogea upande wa kwao, kila jioni alikuja kwangu kutazama habari.

Wanasiasa walikuwa wakibishana. Mheshimiwa wa kwao alitaka tuta la mchanga lijengwe upesi mdomoni mwa hori, mafuta yasiifikie mikoko. Mpinzani wake akasema bahari italila tuta hilo pamoja na pesa za umma. Mimi, binti wa mfanyakazi wa reli nisiyeijua bahari, niliona tuta ni jambo la busara.

"Mbona ana haraka hivyo?" jirani akaniuliza. "Choo cha shule yetu kilipoporomoka, mbio hizi hatukuziona."

Jumapili moja mheshimiwa alikuja huku kwetu Eastlands kutafuta uungwaji mkono wa watu wa pwani wanaoishi huku. Tulikwenda ukumbini pamoja. Alizungumza vizuri, hata nikapiga makofi. Jirani akainuka, akauweka sawa mtandio wake.

"Mheshimiwa, huo mchanga utatoka wapi?"

"Hapo hapo karibu, mama."

"Karibu wapi?"

"Wataalamu wataamua."

"Ni ufuo ule ulio mbele ya makaburi yetu?"

Mheshimiwa akanywa maji. Akasema huu si wakati wa siasa, kisha akampa mtu mwingine nafasi. Nyuma yetu mwanamume mmoja akanong'ona, "Huyu mathe amemweza."

Tukirudi nyumbani jirani akaniambia. "Ufuo ule watu wa mheshimiwa wameutafutia hati ya kuumiliki tangu baba yangu yuko hai. Sasa mafuta yamewafungulia mlango."

"Na mikoko je?"

"Hilo ndilo linaloniuma. Nikilikataa tuta, kaa na kamba watakufa. Nikilikubali, nimewapa ufuo."

Tuta lilijengwa, na lilishika. Mafuta yakabaki nje, mikoko ikapona, na mheshimiwa akaonekana kwenye televisheni akishikana mikono na wavuvi. Nilidhani jirani angefurahi. Alishukuru Mungu, lakini akaendelea kumpigia simu kaka yake kijijini, akimwuliza ufuo uko vipi.

Ndipo kaka akamtumia picha. Pale palipochimbwa mchanga pamebaki shimo, na shimo limezungushiwa uzio wa mabati. Hakuna aliyekubali kusema uzio ni wa nani. Wasaidizi wa mheshimiwa walisema umewekwa ili watoto wasitumbukie.

"Yawezekana ni kweli," nikamwambia.

"Yawezekana," akajibu. Akaivuta picha kwa vidole mpaka ikawa kubwa, akanisogezea simu. "Mabati ni ya watoto, sawa. Na hili geti la kupitisha lori, ni la nani?"