Watoto Waliosukwa Kichwa cha Clarisse

Wameniambia mara nyingi kwamba nilisinzia siku ile. Sikusinzia. Nilikuwa nimesimama na kitana mukononi, taa zote za saloni zinawaka, na muntu anayefumua nywele wima hasinzii. Wale wa kanisa wanasema huzuni ilinichezea akili. Huzuni gani? Huzuni ilikuja nyuma. Siku ile nilikuwa naimba.

Nilikuwa nasuka nywele Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Bruxelles, ndani ya Galerie, lile jumba la maduka, saloni ya Maman Bijou, mwanamke wa Lubumbashi mwenye mdomo. Vita ilinitoa Bukavu ikanitupa Bruxelles, lakini mutoto wangu Furaha, wa miaka minane, alibaki Nairobi kwa Mama Akinyi, jirani aliyetupokea tulipokimbilia kule. Niliomba aletwe kwa njia ya haki. Muzungu mmoja wa ofisi akataka cheti cha kuzaliwa. Nikamwambia, monsieur, ofisi iliyoandika hicho cheti imeungua, na aliyekiandika ameungua nayo. Akajibu: bila cheti, madame, huyo si mutoto wako. Huyo muzungu namuweka wa kwanza katika wenye kosa, ila jina lake sikulijua. Wengine nitawataja.

Gaston, kaka yangu mkubwa, wa kule Berchem, ndiye aliyeniletea Régine. Kazi ya Régine ilikuwa kupitisha watoto kwa ndege. Kila mutoto alimwita tante, shangazi, na kwetu muntu akiitwa tante, nani atauliza ni tante wa nani? Wa nne ni Ezéchiel, baba yake Clarisse. Clarisse alikuwa na karatasi nzuri za hapa, na Ezéchiel alikodisha paspoti ya mutoto wake vile watu wanakodisha viti vya matanga. Matonge yote ilijua hiyo njia. Mutoto wako anasukwa nywele sawasawa na Clarisse kwenye picha, anafundishwa kusema "je m'appelle Clarisse", naitwa Clarisse, anapita. Tulisema wazungu hawaangalii uso wa mutoto mweusi, wanaangalia nywele. Tulikuwa tunacheka tukisema hivyo!

Na nywele za ile picha ni mimi niliyezisuka. Mistari inayokwenda nyuma, na mmoja unaokata upande juu ya sikio la kushoto. Huo wa upande ni mukono wangu, wengine wote waliuiga tu kwenye picha. "Weye wa Bukavu," Maman Bijou alikuwa ananitania, "unasuka kama muntu anafunga mafungu ya majani ya sombe sokoni." Bon.

Ilikuwa Desemba, saa ambazo kwetu nguo bado ziko juani, na hapa giza limekwisha kujaa. Mvua ilinyesha. Maman Bijou alikuwa ametoka kununua ndizi. Mimi nafagia, nimefurahi, kwa sababu Régine ameahidi kumleta Furaha wiki ijayo.

Nikageuka, nikaona mutoto kwenye kiti. Mlango sikuusikia. Msichana, gauni ya mikono mifupi katika baridi ile! Na mvua yote hiyo, gauni ilikuwa kavu.

"Bonsoir, tante. Unifumue."

"Bonsoir, maman," nikamjibu, vile kwetu tunabembeleza mutoto wa kike. "Ulikuja na nani?"

"Na tante."

"Na iko wapi, huyo tante?"

"Haiko."

Nikaangalia kichwa: ule mstari wa upande. Nikadhani ni Clarisse, nikamgeuza uso. Hapana. Clarisse namjua, mnene, ana mwanya. Nikasema moyoni, aa, ni mmoja wa watoto wa Régine, amefika. Tulikuwa tunawafumua hapo hapo saloni. Ilikuwa desturi yetu, mutoto akifika salama, nywele za safari zinafumuliwa siku ileile, alafu watu wanakula. Nikaanza kazi.

Nilizifumua zote. Nikainama kuchukua mafuta. Nilipoinuka, zimesukwa. Zote, na ule wa upande! Niaminini. Nikashika tena kichwa, na kichwa kilikuwa kingine. Wasusi watanielewa, vidole vinajua kichwa. Cha kwanza kilikuwa kirefu, hiki cha mviringo, nywele laini. Na kwenye kioo uso ulikuwa mwingine.

"Weye ni nani?"

"Je m'appelle Clarisse."

"Si hilo. Jina lenye mama yako alikupa."

"Tante alisema nikilisema, watanirudisha."

"Hakuna wa kukurudisha hapa, maman. Umekwisha kufika."

"Sijafika," akasema.

Unauliza kwa nini sikukimbia? Wewe ungekimbia vipi, na mutoto anakuomba umfumue? Nikafumua tena. Vikaja vichwa vingine, kimoja nyuma ya kingine, sikuhesabu, vidole viliniwaka moto. Kila mmoja Clarisse. Kila mmoja hajafika.

Alafu kidole kikagusa kovu. Liko nyuma ya sikio, dogo kama punje ya haragwe. Furaha alipokuwa anatambaa, nikiwa nakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mafuta yalimrukia pale. Nililipaka dawa mwenyewe, kila siku, mpaka likapona. Kovu lile nalijua kama meno yangu.

"Furaha," nikaita.

Akaniangalia kwenye kioo kwa heshima, vile mutoto aliyelelewa vizuri anaangalia muntu mzima asiyemjua.

"Je m'appelle Clarisse. Tante, unaniumiza."

Mlango ukafunguka, Maman Bijou akaingia na mfuko wake. "Eeh! Leo unachana hewa?" Kiti kilikuwa tupu.

Nilikimbia mpaka kwenye duka la simu, miguu yenyewe ikinipeleka. Nikampata Mama Akinyi.

"Mbona walishaondoka?" akasema. "Huyo tante alikuja jana asubuhi, akasema ndege imebadilishwa. Mtoto amesukwa, amependeza kweli. Hukuambiwa?"

Régine alifika peke yake. Nilimkuta kwa Gaston, amekaa, anakunywa chai. Nikamshika nguo ya shingoni.

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Yaya, dada yangu, usinipigie makelele. Kwenye kubadilisha ndege walianza maswali. Nilimwachia bwana mmoja mwenye kunisaidiaka. Atamleta na njia ingine."

"Bwana gani?"

Hakujua hata jina lake lote. Na Gaston, muntu aliyenyonya ziwa moja na mimi, akasema: "Tulia kwanza. Ukipiga kelele utaharibia wengine njia."

Nilipiga kelele. Nilienda kwa polisi na Kifaransa changu cha saloni. Wakauliza ni mutoto gani alipanda ndege. Karatasi zilisema Clarisse. Donc wakaenda kwa Ezéchiel, wakamkuta Clarisse mezani anakula frites. Wakaniambia mutoto yuko nyumbani, madame, ni mzima. Na Furaha? Kwa karatasi Furaha hakutoka popote, hakuingia popote. Hakuna aliyepotea. Watu wanamtafuta aliyepotea, sivyo? Wangu hata kupotea walimnyima.

Imepita miaka miwili. Bwana yule hakuleta muntu. Ezéchiel ananisalimia barabarani. Régine anaimba kwenye kwaya, mstari wa mbele. Mimi sisuki tena, nasafisha maofisi, kwa sababu kichwa cha mutoto yeyote nikikishika vidole vinatafuta kovu, na mutoto anaanza kulia.

Wewe unayesoma, kama una mutoto anayengoja upande wa pili, usimvike jina la mwingine. Muache apite na lake, hata likimrudisha. Anayerudishwa anarudi mahali, na wewe utajua pa kumtafuta. Na tante usiyejua anakolala, usimwite tante.

Hivi hivi nilimwambia mwanamke mmoja wa Uvira wiki iliyopita, mwenye watoto Kigoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alilia na mimi, mikono yangu ndani ya mikono yake. Alafu akapangusa macho, akaniuliza polepole kama Régine bado anapokea watoto.