Matundu ya Kofia Kwenye Simu

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea hapa Chemchem, nami humwita mama tu. Anashona kofia za mkono. Mwaka huu macho yalianza kumsumbua. Kofia za kawaida aliendelea kuzishona kwa mazoea, lakini ua moja gumu alilorithi kwa mama yake aliliacha kabisa. Mchoro wake uko kwenye karatasi ya miraba, na mistari imefifia hata mimi naitafuta. Basi baba mmoja kutoka Lusu akapiga simu, anataka kofia yenye ua hilohilo kwa ndoa ya mwanawe. Mama akasema atamjibu Ijumaa. Alipokata simu aliikunja ile karatasi, nami nikajua anaogopa kutamka kwamba hawezi tena.

Mimi si msemaji. Niliomba ile karatasi nikaenda nayo kazini.

Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi mjini, la mzee mmoja wa Kihindi. Watu huleta karatasi zao, tunazigeuza kuwa mafaili. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza michoro ya kufunguliwa kwenye intaneti, ile ambayo ukiigusa inajibu. Tuliwahi kuutengenezea mgahawa mmoja orodha ya vyakula ya namna hiyo: ukigusa samaki, bei inatokea. Mchoro huo kompyuta huuchora kwa mistari, si kama picha ya kamera, kwa hiyo hata ukiukuza vipi hauingii ukungu. Nilitaka ua la mama liwe hivyo. Akigusa mstari mmoja uwe mwekundu na mingine ififie, asipotee njiani.

"Unashika mausi ya kompyuta kama unapalilia karanga," bosi alinitania. "Haya, palilia tu."

Jioni nilimpa mama simu. Aliukuza mchoro, akatabasamu, halafu akakunja uso.

"Matundu yako wapi?"

Kofia zetu zina vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, ndivyo vinavyopitisha hewa. Programu iliyogeuza karatasi kuwa mchoro ilikuwa imevifuta vyote, ikidhani ni vumbi la kwenye karatasi.

"Mwanangu, hii si kofia, ni sufuria. Bwana harusi ataiva kabla ya pilau."

Nilicheka. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Asubuhi niliipitisha karatasi tena kwenye mashine ya skani, nikaizuia programu isisafishe chochote. Matundu yalirudi, na uchafu wote ukarudi pamoja nayo. Kwenye kioo cha kompyuta vilifanana, sikuweza kuchagua. Nikampigia mama, naye akaja. Bosi akampa kiti.

"Karibu mama. Mwanao leo atatumalizia umeme."

"Mlipishe kwa kumpunguzia chai," mama akajibu, akasogea karibu na kioo. "Lo! Hapa tundu moja kama sahani. Hapa hata mimi naona."

Tukaanza.

"Hilo tundu. Hilo uchafu. Hilo nalo uchafu. Hilo kubwa ni chai ya babu yako, futa."

Wateja walianza kusogea kutazama. Masikio yaliniwaka moto. Siku nyingine ningejificha nyuma ya mashine, lakini mama hakunipa nafasi. Kila nilipogeuka alikuwa ameshataja tundu lingine. Mwanamke mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti akauliza kama mchoro wa mkeka nao unaweza kuwekwa hivi. Nikamjibu ndiyo, kwa sauti ya kusikika.

Ijumaa mama aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akagusa mstari wa kwanza. Ukawa mwekundu. Akashona kwenye kipande cha kitambaa cha majaribio, akagusa wa pili, kisha wa tatu, bila kuniita. Akachoma sindano kwenye kimto chake cha sindano, akapiga simu Lusu.

"Ua lilelile, baba," alisema. "Mpime mwanao kichwa kwa uzi, uniletee huo uzi. Wala usikisie, vichwa vya mabwana harusi huvimba."