Fulana ndani ya gunia la dagaa

Leo sokoni Kabasa nimefungua gunia la dagaa wakavu, harufu ikanirudisha utotoni.

Kwetu Kiriba, ziwani, karibu wote tulikuwa wapinzani. Mjomba ndiye aliyemkataza mama asisalimiane tena na dada yao aliyeolewa Butiama, kwa sababu kule walipenda chama tawala.

Siku moja mjomba alinichukua tukapeleke dagaa Butiama. Tulipokaribia, akavua fulana ya chama chetu, akaifukia ndani ya gunia, akavaa ya chama tawala.

"Huku wanapendaga hii. Nyamaza."

Mama mkubwa alitupa ugali na maziwa mgando, kisha akaniuliza polepole, "Mama yako bado amenikasirikia?"

Mjomba akanitangulia kujibu.

"Dada yule ni mkaidi. Nimembembeleza mpaka nimechoka."