Gari Langu Halinywi, Linanusa

Nyie mnaonicheka kwa kujaza tanki kila asubuhi kama mtu anayekwenda Mwanza, wakati safari yangu ni kutoka Temeke kwenda kazini hapo Chang'ombe na kurudi, leo nawaambia sababu ili mkome kuniuliza. Ni habari ya aibu, tena aibu yenyewe nimejitafutia mwenyewe, hakuna wa kumsingizia.

Mnakijua kile kigari changu cha petroli, kile mnachokiita bebi woka. Nilipokinunua nilikuwa sikai na watu dakika tano bila kusema lita moja inanipeleka kilomita ishirini na mbili. (Nilipima Jumapili moja alfajiri, peke yangu garini, lami tupu, kiyoyozi nimezima, tena nahisi njia ilikuwa na mteremko, lakini hayo sikuwa nikiyataja.) Aliyekuwa akinibishia ni shemeji yangu Mwinyi, kaka mkubwa wa mke wangu Zuhura, anayekaa Kimbiji na ana kipikapu cha dizeli. Kila akija mjini tunaanza, dizeli, petroli, dizeli, petroli. Yeye alikuwa na neno moja tu: "Shemeji, hesabu ya lami usiende nayo mchangani." Na mie jibu langu lilikuwa moja: "Gari langu halinywi, linanusa."

Basi mama mkwe wangu, Bi Tatu, akafariki kwake Kimbiji, alfajiri. Mwinyi akanipigia, sauti imekauka. "Jeneza linatoka nyumbani saa saba, shemeji. Mlete Zuhura amuone mama." Mnajua kwetu wanawake hawaendi makaburini. Binti anamuaga mama yake nyumbani, anaangalia uso, sanda inafungwa, wanaume wanabeba. Akikosa hapo ndiyo kakosa, hakuna pengine pa kumwona.

Tukatoka Temeke saa nne. Nyuma nimepakia gunia la mchele, masufuria mawili makubwa ya msibani na madumu ya maji, kigari kimekaa chini mpaka huruma. Kabla ya daraja tukakuta foleni, tumesimama karibu saa nzima, na kiyoyozi kinavuma maana Zuhura alikuwa analia na joto lile la Dar mnalijua. Kufika Kibada, taa ya mafuta ikawaka.

"Baba Nasri, taa hiyo," mke wangu akasema.

"Ikiwaka hiyo bado nina kilomita arobaini na ushee."

"Si uweke tu? Sheli hiyo hapo."

Sheli ilikuwa pale kweli, mkono wa kushoto, na bodaboda tatu tu kwenye foleni. Nikapita. Mngeniuliza siku ile ningesema nawahi mazishi. Ukweli ni kwamba nilitaka nifike Kimbiji nimwoneshe Mwinyi ule mshale wa mafuta, aone umbali niliotoka na mafuta niliyotumia. Siku ya msiba wa mama yake. Ndivyo nilivyo, na naona haya kulisema.

Mbele lami ikaisha, nikashika njia ya mkato, mchanga mtupu, gia ya kwanza mwanzo mwisho, injini inalia na mzigo ule nyuma. Saa sita na robo gari likakohoa mara mbili likazima, katikati ya mikorosho, nyumba hakuna.

Simu ikaita, Mwinyi. Simu ya Zuhura ilishaisha chaji kwa kupokea pole tangu alfajiri, kwa hiyo ni yangu tu iliyokuwa hai. Nikashuka, nikaenda pembeni ili mke wangu asisikie.

"Shemeji, mmefika wapi?"

Hapo ndipo ningesema, "Nimeishiwa mafuta, njoo." Angekuja na kipikapu chake kwa robo saa tu. Lakini ulimi ukashindwa kulitamka hilo neno mafuta mbele ya Mwinyi. Nikasema, "Tumeshaingia, dakika kumi."

"Haya, tunawasubiri."

Nikapandisha kanzu nikaanza kukimbia, na umri huu na kitambi hiki, mpaka nikamkuta mama mmoja anauza mihogo na petroli ya chupa.

"Hii nimeshachanganya na oili baba, ni ya mashine za boti," akasema.

"Petroli ni petroli, mama, nipe zote!"

Nikarudi nikihema na chupa tatu. Simu ikaita tena njiani, nikajibu, "Tunakata kona." Ya tatu sikupokea.

Gari likawaka, lakini likaanza kutoa moshi mweupe, moshi wa kufukiza mtaa mzima. Tukaingia Kimbiji hivyo hivyo, nyuma hakuonekani kitu, na kwenye kona karibu na nyumbani tukakutana uso kwa uso na jeneza.

Wanaume wametanda barabara nzima, wanabeba kwa kupokezana, la ilaha ila Allah, na mie nawafukiza. Watu wakaanza kukohoa chini ya jeneza, kuna mzee alipiga boneti kwa kiganja, "Zima gari, we mwanaharamu!" Nikazima. Zuhura akafungua mlango akasimama, ameshika mlango, na jeneza la mama yake likapita mbele yake, limefunikwa kitambaa cha kijani, karibu kiasi cha kuligusa. Sanda ilishafungwa. Hakuna aliyeuona tena uso ule.

Mwinyi alikuwa kashika mbele kulia. Hakusimama, alisema tu akipita, wala si kwa ukali: "Shemeji, si ulisema dakika kumi? Mama tumemchelewesha nusu saa nzima. Ungesema, ningewafuata."

Zuhura akageuka akaniangalia. Mpaka pale alikuwa hajui nilimjibu nini kaka yake kwenye simu.

Hakunigombeza siku ile, wala siku yoyote mpaka leo, na heri angenigombeza. Kurudi mjini baada ya arobaini alipanda kipikapu cha kaka yake, mie nikarudi na masufuria.

Tangu hapo tanki langu halishuki nusu, na ukinitajia kilomita kwa lita nainuka naondoka. Lakini mafuta ndiyo madogo. Juzi nilimpigia mke wangu nikamwambia niko karibu, nakuja kula. Akauliza, taratibu tu, "Karibu wapi?" Nikamtajia mtaa, nikamtajia duka, nikamtajia na nguzo ya umeme niliyosimama chini yake. Akasema, "Haya," akakata.