Niliweka ngozi ya nguruwe kwenye ala ya kisu cha kuchinjia cha rafiki yangu Mwislamu

Wakuu, heshima kwenu. Mnaosoma mkiwa kazini, angalieni bosi asipite nyuma yenu.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, siyo "jamaa yangu mmoja". Lingekuwa la kutunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa Morogoro, niko London miaka mingi, naishi Tooting. Nimesoma mpaka pale ambapo watu huacha kukuuliza unasomea nini, wanaanza kukuuliza utamaliza lini. Nilipofika umri wa kuumwa mgongo bila sababu nikatafuta hobby. Wenzangu walinunua baiskeli. Mimi nikaanza kushona ala za visu.

Kwa wasiojua, ala ni kile kifuko cha ngozi cha kuwekea kisu.

Kushona siyo tatizo. Kazi yenyewe iko kwenye finishing. Ukishashona unalowesha ngozi, unaingiza kisu kikiwa kimefungwa cling film, ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, ili kisipate kutu, unaibana kwa vidole mpaka ishike umbo. Kisha unaiacha ikauke yenyewe. YENYEWE, wakuu. Ala yangu ya kwanza niliiweka juu ya radiator, lile bomba la ukutani la kupashia nyumba joto, ikajikunja kama dagaa wa kukaanga.

Ikikauka unapiga kingo msasa, unazilowesha kidogo, unazisugua kwa kijiti cha mbao mpaka ziwe laini na zing'ae. Halafu mafuta: kidogo sana, kwa kitambaa, unaacha yanywewe, unarudia. Ukimwaga mengi ngozi inalegea kama soksi. Mwisho nta, unang'arisha.

Sasa tuje kwenye kisa.

Nina rafiki, nimwite Kaka Khamis, mtu wa Unguja, amenizidi umri. Alikuwa na bucha hapa hapa Tooting, sasa amestaafu. Ananiita "mwalimu" ingawa sijawahi kumfundisha mtu chochote.

Siku moja akaja na boksi la viatu. Ndani kuna taulo, ndani ya taulo kisu. Alikifunga hivyo kwa sababu mji huu ukikutwa na kisu barabarani bila sababu ya maana, hiyo ni kesi.

Kilikuwa kisu cha marehemu baba yake. Baba alichinjia kisu hicho maisha yake yote. Khamis alikuwa anakwenda nyumbani kwa Idi na alitaka kuchinja nacho yeye mwenyewe mbele ya ukoo.

"Nitengenezee ala, mwalimu. Lakini nzuri. Sitaki mashemeji waseme nimekaa Ulaya nikarudi na kisu ndani ya gazeti."

Nikasema hilo dogo.

Nje nikatumia ngozi ya ng'ombe. Ndani nikataka bitana laini, nikachukua kipande kwenye mfuko wa vipande vya mchanganyiko nilivyonunua online kwa bei ya kutupa. Nikakikunja kidogo juu ya mdomo wa ala ili ipendeze.

Nikashona, nikalowesha, nikabana, nikakausha bila radiator. Kingo ziling'aa mpaka nikamwita mke wangu aje ashike.

Nilipopaka mafuta, pale kwenye mdomo yakatokea madoa madogo madogo, matatu matatu, yamepangika kipande kizima. Nikayapenda. Nikajiona fundi kweli.

Nikapiga picha nikaiweka kwenye group la mafundi ngozi wa hapa Uingereza, nikauliza nifanyeje yaonekane zaidi.

Mzungu mmoja akajibu kwa furaha tele: "Lovely bit of pigskin, mate."

Nikakaa chini.

Nikagoogle nikiomba awe mwongo. Hakuwa mwongo. Vinyweleo vya nguruwe hukaa vitatu vitatu, na mafuta yakiingia ndiyo vinajitokeza.

Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, majibu yote kwa Kiingereza. Akaitazama ile ala akasema, "Dad, just don't tell him. Dye it darker."

Na angeweza kuwa sahihi. Koti moja la rangi nyeusi na hakuna ambaye angejua. Mimi ni Mkristo, nguruwe hanipi shida, namla.

Lakini kile kisu kilikuwa kinakwenda shingoni mwa mnyama wa Idi, na nyama ile ingeliwa na ukoo mzima. Hapo siyo suala la ala tena.

Nikabeba boksi la viatu nikaenda kwao, ghorofa ya tatu. Mkewe, Bi Zuhura, akanimiminia chai.

"Kaka Khamis, ala ina tatizo."

"Imechanika?"

"Hapana. Bitana niliyoweka ni ya nguruwe. Sikujua."

Bi Zuhura akaweka chupa ya chai mezani taratibu.

"Ya nini?" Khamis akauliza.

"Nguruwe."

"La haula! Na kisu cha baba kimo humo?"

"Kiliingia wakati wa kubana tu, nimekifunga cling film mwanzo mwisho. Hakijaigusa ngozi."

Mchinjaji huyu, mambo ya najisi anayajua kwa kazi: najisi huhama kwa umajimaji.

"Ulipokitoa kwenye hiyo plastiki, mikono yako ilikuwa mikavu?"

Wakuu, hapo ningeweza kusema ndiyo. Nilikumbuka vizuri: nilikuwa nimetoka kuibana ngozi iliyolowa, mikono inachuruzika maji, nikafungua plastiki nikakikamata kisu mpini na bapa.

"Ilikuwa na maji."

"Basi kinaoshwa," akasema Bi Zuhura. "Mara saba, moja kwa udongo safi. Kisu hakijafa, msikae kama mko matangani."

Sawa. Udongo safi. Nikasema tutachota bustanini kwangu.

"Kwako kunalala mbweha," Khamis akasema. "Na mbwa wa jirani yako anakojoa wapi?"

Park? Mbwa watupu, na mbwa naye hukumu yake ni hiyo hiyo. Tukashuka mpaka dukani kutazama udongo wa mifuko. Nyuma ya kila mfuko: manure, yaani samadi. Wazee wawili tumechuchumaa kwenye aisle tunasoma ingredients za udongo, mhudumu akatuuliza kama tuko salama.

Tukarudi mikono mitupu. Bi Zuhura akatusikiliza, akaenda chumbani, akarudi na kifuko. Ndani kuna vile vijiti vya udongo wa kula vya wajawazito, vinavyouzwa kwenye maduka ya Kiafrika.

Khamis akamtazama mkewe, bibi wa wajukuu kadhaa.

"Zuhura. Mimba ya nani hiyo?"

"Ya kwako tangu enzi hizo, utamu haujanitoka. Sageni mwoshe kisu."

Tukasaga kwenye kinu. Khamis akaosha mwenyewe kwenye sinki, mimi nikihesabu kwa sauti kwa sababu mikono yangu haikuruhusiwa kugusa kitu.

Ala ile nikaitupa. Ya pili, ngozi alichagua yeye: bitana ya mbuzi. Akakaa jikoni kwangu kama mkaguzi. Nilipofungua chupa yangu ya mafuta akaninyang'anya.

"Haya ya nini?"

"Ya kwato za ng'ombe."

"Kachinja nani?"

Tukapaka olive oil, mkono mwepesi, tukaacha yanywewe, tukarudia, tukamalizia na nta ya nyuki. Nikiri: imetoka nzuri kuliko ya kwanza. Kisu kinaingia kwa kubanwa kidogo na ukiigeuza ala juu chini hakitoki.

Siku ya Idi akanitumia voice note, nyuma watoto wanapiga kelele: "Mwalimu, mashemeji wanne wanataka ala. Nimewaambia fundi ninaye, na ni mtu wa kusema kweli. Ila ngozi nachagua mimi."

Nimekubali.

Nilichojifunza: usimshonee mtu kitu kabla ya kujua kila kilichomo kimetoka kwa mnyama gani, hadi mafuta. Na ukigundua umeharibu, sema kazi ikiwa bado mezani kwako.

Mafundi ngozi mliomo humu, olive oil hainuki baada ya muda? Nina ala nne za kushona. Na wewe unayetaka kuniuliza kwa nini nisitumie plastiki, karibu pia, nitakujibu kwa adabu.