Kamba za Ng'ombe wa Mama

Mwaka jana, mvua ndefu zilipoanza, mama yangu aliteleza kwenye njia ya zizini akiwa na mzigo wa majani ya nepia mgongoni, akavunjika kifundo cha mkono. Mimi nilikuwa mjini Ruiru, kwenye kibanda changu cha kushona sare za shule. Aliyemwona ni mpangaji wa ghorofa ya jirani ambaye alikuwa akianua nguo kwenye roshani, akasikia mtu anaita chini kwenye matope. Nilipofika nyumbani alikuwa ameketishwa jikoni, tope hadi kwenye nywele, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama ng'ombe amepewa majani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

Kwa hivyo mwaka huu, Machi ilipofika na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Kilimambogo, niliapa kwamba ng'ombe ataondoka kabla ya tone la kwanza kuanguka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikishaapa huwa sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mama anajua hivyo kwa sababu tabia hiyo nimeitoa kwake.

Tunaishi Gatongora, pembeni mwa Ruiru, kwenye robo eka iliyobaki baada ya majirani wote kuuza. Maghorofa yametuzunguka pande tatu, nasi tuko katikati kama kitu kilichoangukia chini ya kochi. Wapangaji walikuwa wakilalamika kuhusu harufu ya samadi, kisha jioni wakishuka mmoja mmoja na chupa kutafuta maziwa. Mwaka huu hawakuwa wakishuka tena, maana ng'ombe alikuwa amekauka. Daktari wa mifugo alimpandikiza mbegu mara tatu, na mara zote tatu ng'ombe akarudi kwenye joto bila kushika mimba. Mara ya mwisho daktari alivua glavu yake ndefu taratibu, akasema kwa heshima kwamba mama huyu ameshafanya kazi yake, asisumbuliwe zaidi.

Lakini siku ya Mama bado ilianzia kwa ng'ombe yule. Saa kumi na mbili asubuhi alivaa gambuti na koti la marehemu baba, akaenda zizini, akamsalimu ng'ombe na kumuuliza alilalaje. Akamsimulia ndoto zake, ambazo mimi sijawahi kusimuliwa hata moja. Akafyeka nepia kando ya ua, akafagia zizi, kisha akamtoa kwenda kula majani ya barabarani, kamba mkononi, akimwambia kila hatua, "Polepole, msichana." Msichana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minne na magoti yaliyokuwa yakilia kama mlango wa kanisa letu.

Nilimpigia simu kaka yangu, ambaye anakaa Kahawa Wendani na kukodisha vyumba kwa wanafunzi. Yeye ana suluhisho la kila tatizo ambalo haliko kwake.

"Hiyo ng'ombe imekuwa pet ya kubembelezwa tu," akasema. "Uza, ujengee mathe nyumba ya kuku. Kuku hawabebewi nepia."

Mara hii nilikubaliana naye. Nikakaa na Mama jikoni, nikamwambia yote: mkono wake, umri wake, matope, na mimi ambaye nashinda mjini nikishtuka kila simu inapolia. Nikamalizia kwamba ng'ombe hazai tena, na mnyama asiyezaa ni mzigo.

Mama alinimiminia chai kwanza. "Mimi niliacha kuzaa lini?" akauliza. "Na si bado mnanipa chai?"

Niliinamia kikombe changu nikanywa. Baada ya muda, yeye mwenyewe akasema sawa, auzwe, lakini aende kwa mtu wa kufuga, asiende kwa kisu. Nikaahidi. Ukweli ni kwamba niliahidi haraka mno, maana mtu wa kufuga ng'ombe mzee asiyeshika mimba hapatikani kila kona.

Wiki iliyofuata nilijitupa kazini. Jumamosi na jioni za siku nyingine nilizibua mifereji ya paa, nikachimba mashimo ya mahindi, na fundi akanijengea banda la kuku kwa mbao za kitanda cha zamani na mabati yaliyobaki jikoni. Mama alikaa kwenye kigoda akitukosoa. Mlango unaangalia upepo. Msumari ule umepinda. Nilifurahi kumsikia akigomba, nikadhani ameshazoea wazo.

Kisha nikampata dalali wa mifugo. Alikuja Jumapili baada ya kanisa na pikapu, viatu vyake vikiwa vinang'aa, akamzunguka ng'ombe mara moja, akataja bei nzuri kuliko nilivyotarajia. Mama akamkaribisha chai.

"Unampeleka wapi?" akamuuliza.

"Kuna mzee anafuga huko Thika, shosho. Ako na shamba kubwa sana."

"Na kamba yako iko wapi?"

"Kamba ni ya nini na niko na pikapu? Si itaenda tu na hii yake."

Mama akaweka kikombe chini. "Maliza chai, kijana wangu, halafu uende salama."

Hapo lazima nieleze. Kwetu ng'ombe huuzwa lakini kamba yake haiuzwi. Muuzaji huifungua na kubaki nayo, ili bahati ya mifugo isitoke langoni pamoja na mnyama. Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari mmoja, Mama ametundika kamba za ng'ombe wote aliowahi kuuza, na vumbi lake sisi hatuthubutu kuligusa. Anayenunua ili afuge analijua hilo, kwa hiyo huja na kamba yake mkononi, maana huko aendako atamfunga ng'ombe usiku huo, na kesho, na kesho kutwa. Anayekwenda kuchinja hana haja ya kamba mpya.

Nilijua maana yake pale pale, na ndiyo sababu nilikasirika. Dalali alipotoka langoni nikampandishia Mama sauti, jambo ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kulifanya. Nilimwambia anatafuta visingizio. Nilimwambia mvua iko mlangoni. Nikamuuliza, "Unataka uokotwe tena matopeni? Au safari hii nikukute umeshapoa?"

Alikusanya vikombe vya chai. Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Na nikiamka asubuhi, nitakuwa naamkia nini?"

Nilitoka nje nikaenda kupanda mbegu za mahindi ambazo zingeweza kungoja hadi kesho yake. Nililia kidogo huko shambani, niseme ukweli. Lakini sikubadili nia, kwa sababu picha ya Mama kwenye tope ilikuwa na nguvu kuliko picha yake akiwa kitandani bila la kufanya. Nilichobadili ni kumtafuta mnunuzi mwenyewe, badala ya kumtegemea dalali.

Nilimpata kanisani kupitia mama mmoja wa kikundi chetu: dada yake, mjane aliyehamia mashariki ya Thika, ambaye alilima sukuma wiki na nyanya kwenye udongo mkavu na kila msimu akahangaika kutafuta samadi. Hakuhitaji maziwa wala ndama. Alihitaji kile ambacho ng'ombe yeyote mwenye mdomo na mkia hakosi.

Alikuja Jumatano. Kabla hajafika jikoni Mama alishaona kilicho chini ya kwapa lake: kamba mpya ya katani, imefungwa vizuri ndani ya gazeti. Sura ya Mama ikalegea na kuumia kwa wakati mmoja. Hawakuzungumza bei, hiyo waliniachia mimi. Walizungumza juu ya majani anayopenda, sikio analopenda kukunwa, na kwamba akisikia radi hutetemeka hivyo asiachwe peke yake.

Kisha Mama akafungua kamba ya zamani shingoni mwa ng'ombe. Vidole vya mkono uliowahi kuvunjika vilichelewa kwenye fundo na hakuna aliyemsaidia. Mjane akafunga yake. Wakatoka pamoja wanawake wawili na ng'ombe katikati hadi kwenye lori dogo barabarani, na nilimsikia Mama mara ya mwisho akisema, "Polepole, msichana."

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Njia ya zizini iligeuka uji, nami nikaiangalia kupitia dirisha nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Lakini saa kumi na mbili Mama hakuamka. Saa moja hakuamka. Saa mbili nilimpelekea chai kitandani, akanishukuru kama mgeni. Kuku kumi na wawili walikuwa wameletwa na kaka yangu kwa mbwembwe zote, na Mama hakuwa hata amewatembelea. Alisema matope ni mengi na yeye ataanguka. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyomkaririsha mwaka mzima, na sasa alikuwa akinirudishia kwa utii. Nilikuwa nimemwondolea matope nikamwondolea na asubuhi. Niliendelea kwenda kushona nikiwa na uzito moyoni, na wiki mbili zikapita hivyo.

Kisha asubuhi moja ya mvua ya rasharasha nilimpelekea chai nikakuta kitanda kimetandikwa. Gambuti hazikuwepo. Koti la baba halikuwepo. Nilikimbia hadi mlango wa jikoni nikiwa na matusi yote tayari mdomoni, na nikaona msumari ulio nyuma ya mlango ukiwa mtupu.

Kamba zilikuwa nje. Alikuwa ameziunganisha zote siku iliyotangulia, mimi nikiwa mjini: ile nyeusi ya ng'ombe wa kwanza ambaye mimi simkumbuki, zile mbili za mapacha, ile ya yule mkali aliyempiga baba teke, na mwisho ile iliyobaki na manyoya mekundu ya msichana wetu. Fundo kwa fundo, zilianzia kwenye nguzo ya mlango wa jikoni, zikazunguka mparachichi, zikafika hadi banda la kuku, zimekazwa sawasawa kwenye kimo cha kiuno chake.

Mama alikuwa katikati ya njia, bakuli la mahindi kwenye mkono uliowahi kuvunjika, mkono mwingine ukiwa juu ya kamba. Alinyanyua guu moja, akaliweka, akasubiri, akanyanyua la pili. Hakuniona. Alikuwa akisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, "Polepole, msichana. Polepole."

Matusi yangu yalipotelea sijui wapi. Nilisimama mlangoni nikashika kamba upande wangu, na ilikuwa ikitikisika kidogo mkononi mwangu kila alipopiga hatua.