Shingo ya Triko

Wifi yangu Mukashema hakuogopa vitu vinavyoonekana. Nilimwona akimfukuza fahali kwa mwiko wa ugali. Na siku polisi walipopanda kilima kutafuta wanaume wa kulima barabara, aliwaambia kwamba kaka yangu Damascène, bwana wake, alikwisha kwenda Walikale, na wakati huo kaka alikuwa nyuma ya nyumba anaoga. Alichoogopa yeye ni kile asichoweza kukiona: mtoto aliyekuwa tumboni mwake, na jinsi alivyolala humo.

Tulikaa juu ya Kashuga, kwenye mgongo wa kilima, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Mwaka ulikuwa 1954. Polisi walirudi wakampata kaka, naye akaenda Walikale kwelikweli, kukata barabara katika msitu wa joto. Nyumbani tukabaki wanawake watatu: Mukashema; mama yangu Mukandori, ambaye kwake alikuwa mama mkwe; na mimi Pétronille, niliyekuwa nimerudi kutoka kwa bwana wangu kwa sababu ambazo si habari ya leo.

Mukashema alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza, Françoise, alichukuliwa na baridi. Alikuwa na triko ya bluu, sweta ya kufumwa, iliyonunuliwa sokoni, nzuri kwa macho, lakini shingo yake ilikuwa imelegea kama mdomo wa mzee asiye na meno. Mvua ya mawe iliwakuta shambani, mtoto akiwa mgongoni. Walipofika nyumbani triko ilikuwa imeteremka mpaka kwenye mkono, kifua kiko wazi na kimelowa. Alikohoa siku chache, akapumua kwa taabu, kisha akaacha kupumua.

Wa pili alikuwa mvulana. Alizaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingo, na hakulia. Mama yangu ndiye aliyempokea. Alimfunga katika kitambaa, akatoka naye nje, na siku ileile akasema mbele ya majirani kwamba mkwewe alisokota kamba akiwa na mimba.

Kwetu neno hilo halikuhitaji kuelezwa. Mwenye mimba hasokoti kamba, haruki kamba ya ng'ombe, hajifungi kitambaa shingoni, kwa maana anachokisokota mkononi kinajisokota pia ndani. Padri alilikemea jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka wanawake waliitikia amina, kisha wakarudi nyumbani wakizizunguka kamba za ndama. Mukashema hakumjibu mama mkwe wake hata neno moja. Hakulia hata siku ya kumzika yule mvulana, na watu wakasema ana moyo wa jiwe.

Alipopata mimba ya tatu, alishuka mwenyewe mpaka misioni, kwenye shule ya wamama, ambako mtawa mmoja, Masera Constance, aliwafundisha wanawake kushona na kufuma. Mimi nilimsindikiza. Alisimama mlangoni na tope lake miguuni, akasema:

"Masera, minataka kujua kufuma triko ya mutoto. Lakini shingo yenye haiteremuke."

Masera alimtazama tumbo, akampa sindano mbili na uzi mweupe. Wifi yangu alikuwa na mkono mwepesi. Mgongo wa triko ukaisha, kifua kikaisha, mikono midogo ikaisha, na kila jioni aliiweka juu ya tumbo lake kama anayempima aliye ndani. Nilimcheka. Sikuwahi kumwona na furaha kiasi hicho tangu nirudi.

Kisha ikafika shingo.

Kila kitanzi cha uzi kilicho juu ya sindano Masera alikiita jicho. Kwa kawaida sindano huingia jicho kwa mbele, uzi ukavutwa, na jicho likakaa wazi. Kwa shingo, Masera alitaka sindano iingie kwa nyuma: jicho la uso, lile laini, kwa nyuma, linalofuata la mgongo, lile lenye nundu, kwa nyuma vilevile, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. La mgongo ndilo lililotutoa jasho. Lazima upinde kiganja, uzungushe ncha ya sindano nyuma ya kazi yote na kuileta mbele, kama mtu anayejikuna mahali mkono usipofika. Ukifaulu, jicho linakunja miguu yake, mmoja juu ya mwingine, na shingo inabana. Ukiivuta, inarudi mahali pake.

Mukashema alifuma machache, akaivuta shingo, ikarudi. Akatabasamu. Kisha akaisogeza dirishani, akainamisha kichwa, akaangalia kwa karibu sana.

"Masera, jicho hii imefanya nini?"

"Imejisokota," Masera akasema. "Njo maana inashika."

"Moja hii tu?"

"Zote. Moja ikikosa kusokotwa, shingo italegea."

Wifi yangu aliweka kazi juu ya benchi, polepole, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika nyoka. Wanawake wengine waliacha kufuma. Wote walijua habari ya yule mvulana. Masera akauliza kuna nini, akaambiwa, akasema kwamba Mungu hamnyongi mtoto kwa sababu ya uzi. Mukashema akajibu, "Ndiyo, Masera," kwa ile sauti tunayotumia kwa mtu asiyewahi kuzaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Tangu siku hiyo hofu ilikaa nasi nyumbani, ikala nasi na kulala nasi. Akiiacha shingo bila kusokota, atakuja kumvalisha mtoto triko iliyolegea, na baridi inayajua mapito ya kifua. Akiisokota, je, atakuwa na mtoto wa kumvalisha? Alijaribu shingo ya macho wazi. Aliipitisha juu ya ngumi yake, akaivuta, ikabaki imeachama, akaiona ile triko ya bluu. Akaifumua yote. Mimi nilimwambia ni uzi tu, uzi wa kondoo wa Wazungu, utajuaje mambo yetu? Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikuwa nimeumwa.

Alasiri moja baada ya mvua akajitia ushujaa. Alikaa mlangoni penye mwanga, akaanza mstari wa kusokota, midomo yake ikisali. Nilikuwa nachochea moto chini ya chungu cha maharage. Alipofika katikati ya mstari mikono yake ikasimama.

"Pétronille. Haitikisike."

"Iko nalala," nikamwambia.

"Tangu asubui ilikuwa nacheza. Nilipoanza njo imeacha."

Niliweka kiganja juu ya tumbo lake. Nikangoja. Niliuhisi mshipa wangu mwenyewe ukipiga, na chini yake hakuna kitu. Mimi ninayemcheka kila mtu, sikumcheka.

Mama aliingia na mzigo wa kuni kichwani. Aliona nyuso zetu, akaona sindano. Alitua kuni, akamnyang'anya Mukashema kazi, akachomoa sindano na kuvuta uzi. Macho yakafumuka moja baada ya jingine, kila moja likitoa mlio mdogo, na uzi ukatoka umejikunjakunja. Tulitazama uzi, kisha tumbo. Mama akamnywesha maji baridi, akamlaza kwa ubavu wa kushoto. Tulikaa chini karibu naye. Maharage yangu yalikuwa yameiva na kuanza kuungua ndipo mtoto alipopiga teke, moja, halafu jingine.

"Sitashika ile kitu tena," Mukashema akasema.

Basi triko ikatundikwa ukutani karibu na moto, haina shingo, macho yake yaliyobaki yamepitishwa uzi yasifumuke. Kila siku alipoamka aliiangalia, kisha akatoka nje kuangalia mawingu. Mvua kubwa zilikuwa njiani na tumbo lilikuwa limeshuka.

Muda mfupi baadaye Mama akaanza kupotea asubuhi. Alisema anakwenda kutafuta mbegu kwa rafiki yake. Mama yangu si mtu wa kutafuta mbegu mvuani, anatuma watu. Na triko nayo ilikuwa haipo ukutani. Mukashema alidhani Mama ameichoma moto, akaogopa kuuliza. Mimi nilimfuata.

Nilimkuta shule ya wamama. Mukandori, mwanamke aliyetangaza kilima kizima kwamba kufuma ni kazi ya watu wasio na shamba, alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya wasichana walioolewa jana, ulimi nje pembeni ya mdomo, triko magotini. Vidole vyake vya jembe viliishika sindano kama mpini. Alikuwa anapinda kiganja kutafuta jicho la mgongo kwa nyuma. Alilikosa. Akatukana kidogo, akalitafuta tena, akalipata.

"Mama, uko nasokota?" nikamuuliza.

"Kizazi yangu ilishafunga zamani," akasema bila kuinua uso. "Nikisokota, nitanyonga nani?"

Nikakaa karibu naye. Nilitaka kucheka, lakini nilikumbuka neno lake la siku ile.

"Weye njo ulisema mbele ya bantu kama Mukashema alisokota kamba."

"Nilisema." Akavuta uzi. "Na nani alimwambia asokote? Ni miye. Ndama ilikuwa nje, mvua iko nakuya, kamba ilikatika. Nilijua iko na mimba. Nikamwambia, haraka, sokota ingine. Halafu mutoto akakufa mu mikono yangu, nikaogopa. Nikasema ni yeye." Akamaliza jicho. "Angeweza kuniambia, mama, ni weye ulinituma. Hakusema. Mpaka leo hasemi."

Nilimkasirikia. Walikuwa wameishi chini ya paa moja muda wote huo, wakila chungu kimoja, na ile kamba katikati yao, mmoja akitupa lawama na mwingine akiibeba kimya kwa heshima ya mama mkwe. Nikaondoka bila kumuaga. Lakini nyumbani sikusema kitu, kwa sababu halikuwa langu la kusema.

Uchungu ulimshika Mukashema mchana, ukungu mzito hata zizi hatulioni. Njia ya misioni ilikuwa tope tupu. Mama akasema tutazalia hapahapa, akatundika triko karibu na moto ipate joto. Ilikuwa na shingo sasa, nene, imepinda kidogo upande mmoja. Mukashema aliiona. Akamtazama Mama, kisha mikono ya Mama, na akafumba macho.

Nilikaa nyuma yake nikimshika chini ya makwapa. Mama ni mtu wa maneno. Akizalisha hukuhadithia habari za kilima chote ili usahau. Alikuwa katikati ya habari ya mbuzi wa mtu fulani kichwa kilipotokea. Akanyamaza.

Huo ukimya ndio ninaoukumbuka.

"Usisukume," akasema. "Mukashema, mutoto yangu, usisukume. Pumua tu."

Niliinama juu ya bega la wifi yangu nikaona. Kamba ya kitovu ilikuwa shingoni, nene, ya kijivu, imezunguka mara mbili. Macho yangu yalikimbilia triko ukutani kabla sijayazuia. Mama hakuitazama. Alipinda kiganja vilevile alivyokipinda pale benchini, akapitisha kidole nyuma ya ile shingo ndogo, akatafuta, akakosa, akapata. Akailegeza, akaivusha juu ya kichwa. Akarudia tena.

Mtoto alitoka msichana, wa bluu, hana sauti.

"Mama, iko namna gani?" Mukashema akauliza.

Mama alimnyonya mtoto pua na kutema. Akamsugua mgongo kwa kitambaa.

"Mama, iko namna gani?"

Nilihisi mwili wa wifi yangu mikononi mwangu ukiwa mgumu kama ubao, na mimi nilisali kwa Mungu na kwa kila mzee wetu aliyelala ardhini, bila kuchagua. Mama akampulizia mtoto usoni, akamgeuza, akampiga nyayo. Ndipo mtoto akalia, kidogo kwanza, kama paka aliyekanyagwa, halafu kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa.

Tukamkausha, tukamvalisha. Shingo ilipita kichwani kwa shida, kisha ikajifunga juu ya kifua na kukaa hapo. Mama akamweka mtoto kwa mama yake. Mimi nilidhani atakwenda kuosha mikono. Alipiga magoti kando ya kitanda, kitu ambacho sijawahi kuona mama mkwe akifanya mbele ya mke wa mwanawe.

"Ilikuwa imemuzunguka shingo," akasema. "Mara mbili. Kuliko yule mvulana."

Mukashema akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Miye sikugusa tena sindano, Mama. Sikusokota tena."

"Ile ulisokota nilifumua yote, haikubaki hata jicho moja. Niko shahidi. Na kamba ilimuzunguka tu." Akainyoosha shingo ya triko. "Basi siku ile pia haikukuwa ile kamba ya ndama. Haikukuwa weye."

Mtu wa kubisha angeweza kusema kwamba safari hii Mama mwenyewe ndiye aliyesokota. Mimi hubisha sana, lakini si siku ile.

"Sema tena," Mukashema akasema.

"Haikukuwa weye."

Akalia. Yule mwenye moyo wa jiwe alilia mpaka mtoto akaanza kulia naye, na katikati ya kilio chake akaita jina, mara nyingi, Ndagijimana, Ndagijimana. Nilimtazama Mama, maana kwetu hakukuwa na mtu wa jina hilo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mvulana alikuwa na jina, na kwamba siku zote hizo mama yake peke yake ndiye aliyelijua.